Dawa ya Sunna Nayo Ina Kipimo



Kila mwaka tunapoanza kuandaa jarida hili huwa tunawauliza wanafunzi wa madarasa ya juu ni jambo gani wangependa walimu waliandikie. Safari hii swali lililojirudia ni moja, na tunadhani limetoka nyumbani zaidi kuliko darasani: dawa ya Sunna na dawa ya hospitali, ipi bora? Mwanafunzi mmoja aliliuliza kwa ukali zaidi. Alitaka kujua kama anayemeza vidonge ana upungufu wa imani.

Jibu letu ni kwamba swali hilo limejengwa juu ya ugomvi usiokuwepo. Dawa nyingi zinazouzwa katika maduka ya dawa ama zimetolewa kwenye mimea, ama zimetengenezwa kwa kuiga kiini kilichopatikana kwanza kwenye mmea. Mmea na kidonge ni ndugu. Kinachowatenganisha ni kipimo, na hapo ndipo tunapotaka kukaa na wasomaji wetu leo, kwa sababu tunaona watu wetu wanadhurika kwa kudhani kwamba kitu kikiitwa cha Sunna hakina haja ya kupimwa.

Tuchukue sanamaki. Hakuna nyumba ya bibi huku pwani isiyoijua. Ni majani makavu, membamba, yanauzwa kwa mafungu, na hurowekwa au huchemshwa kwa ajili ya mtu aliyefunga choo. Jina lenyewe linatuambia njia lililopitia hadi kutufikia: sana ya Makka. Mmea wake huota Sudan, Misri na Bara Arabu, na India wanaulima kwa wingi. Sasa nenda duka la dawa ukaulize dawa ya kulainisha choo. Mojawapo ya unazoweza kupewa ni vidonge vidogo ambavyo pakiti yake imeandikwa senna. Ni sanamaki ileile, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Namna inavyofanya kazi ni katika mambo ya kustaajabisha. Viini vyake, viitwavyo senosidi, hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya jambo lolote la maana. Vikifika katika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huvivunja, na hapo ndipo vinapogeuka kuwa dawa yenye kuusukuma utumbo. Ndiyo maana aliyekunywa wakati wa kulala hupata haja asubuhi, baada ya saa 6 hadi 12. Yaani mmea umeleta nusu ya dawa, na nusu ya pili Allah (S.W.) ameiweka ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Subhanallah!

Basi kama ni kitu kimoja, kidonge kimeongeza nini? Kimeongeza hesabu. Kila kidonge kina kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye pakiti. Fungu la majani hutegemea yalivunwa lini, yamekaa ghalani muda gani, yamechemshwa kwa dakika ngapi, na bibi ana kiganja kikubwa au kidogo. Kwa mtu mzima anayeitumia mara moja kwa siku nyingi, huenda asione tabu. Lakini anayeinywa kila siku ili apungue mwili, na tunajua wapo, hasa dada zetu harusi inapokaribia, hupoteza maji pamoja na madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Katika riwaya iliyotajwa na Tirmidhi na Ibn Majah, ambayo wanazuoni wana maneno juu ya sanadi yake, Bibi Asmaa bint Umays (R.A.) aliulizwa na Mtume (S.A.W.) anatumia nini kulainisha tumbo. Akataja mmea uitwao shubrum. Mtume (S.A.W.) akautia kasoro kwa sababu ya ukali wake, na baadaye Bibi Asmaa akatumia sana. Tazameni: miti miwili, yote ya asili, yote ya Bara Arabu, yote ya kazi moja. Mmoja ukakubalika, mwingine ukaonekana mkali. Wale wanaotuambia kuwa cha asili hakina madhara, hapa wana hoja gani?

Dalili nzito zaidi ni ile hadithi mashuhuri ya asali, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.). Mtu alikuja kushitaki tumbo la ndugu yake, akaamrishwa amnyweshe asali. Akarudi kusema hali haijatengenea, akaamrishwa tena, na tena, mpaka mgonjwa akapona. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kama ushahidi wa ubora wa asali, na ni kweli. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameona ndani yake jambo jingine pia. Anaeleza kwamba kule kurudiwa kwa asali kuna maana ya kitabibu: dawa lazima iwe na kiasi kinacholingana na ugonjwa, ikipungua haiuondoi, na ikizidi inamdhoofisha mgonjwa. Aliyeandika maneno hayo alifariki mwaka 1350. Mfamasia wa leo angemwelewa bila mkalimani.

Hali kadhalika habbasoda. Hadithi yake ni sahihi, na hatuna shaka nayo. Lakini Imam al-Khattabi, miongoni mwa wafafanuzi wakubwa wa hadithi, alisema kuwa tamko hilo ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kukabili maradhi yote. Wapo wanazuoni waliolichukua kwa upana zaidi, na hatuwakemei. Ila hata wao hawakusema kwamba kijiko kimoja cha mafuta ya habbasoda kinamtosha mgonjwa wa kisukari, wa presha na wa kansa kwa pamoja, kama tunavyosoma siku hizi kwenye karatasi zilizobandikwa juu ya chupa.

Tutoke kwenye vitabu, tuje nyumbani Tanga. Ukipanda gari kutoka Muheza kwenda milima ya Usambara Mashariki utafika Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Miongoni mwa miti waliyoileta ni mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Gamba lake ni chungu kupindukia, na uchungu huo ni dawa ya malaria. Mwaka 1820 wafamasia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, walifaulu kukitenga kiini chake, kwinini, na tangu hapo madaktari wakaweza kusema mgonjwa apewe kiasi gani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kijerumani yalipokatiwa njia ya baharini, Amani ilitengeneza vidonge vya kwinini kutokana na miti yake. Vita vilipowasogeza mbali, walichemsha magamba porini wakanywa maji yake, na ladha yake ikawa mbaya kiasi cha wenyewe kuifanyia mzaha. Iliwasaidia. Ila tusisahau kwamba walichemsha magamba kwa sababu vidonge vilikuwa adimu, wala hawakuona kuwa maji hayo ni bora kuliko vidonge.

Baada ya kwinini na klorokwini ikaja pakanga. Hii inatugusa zaidi, kwa sababu dawa mseto ambayo karibu kila mtoto wa madrasa hii amewahi kuimeza inatokana nayo. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kichina, Bibi Tu Youyou, alikuwa akipekua vitabu vya kale vya tiba vya kwao. Alikuta katika kitabu cha karne ya 4 kwamba wazee waliuloweka mmea huu katika maji na kukamua, na akashuku kuwa moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa katika majaribio yaliyotangulia. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na kiini kikatoka salama. Kikaitwa artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mwaka 2003, na Tanzania Bara ikaifanya dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006.

Sasa tazameni tunachofanya sisi. Tunachukua majani ya pakanga, tunayatia kwenye sufuria, tunayachemsha mpaka maji yawe meusi, na tunasema hii ndiyo dawa yenyewe, halisi, kuliko vidonge. Yaani tunafanya hasa kile ambacho Bibi Tu Youyou aligundua kuwa kinaiharibu! Zaidi ya hayo, kiasi cha artemisinini hutofautiana mno kati ya shamba na shamba, na pakanga ya asili ya milima ya kwetu, Artemisia afra, ingawa inafanana kwa harufu na uchungu, haina kiini hicho cha kutegemewa. WHO imekataa chai na unga wa pakanga kutumiwa kutibu malaria, na sababu yake si dharau kwa mitishamba. Kiasi kidogo hupunguza homa bila kuwamaliza vijidudu, na hofu ya wataalamu ni kwamba vinavyobaki hujifunza kustahimili. Tayari vijidudu vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu mkoani Kagera. Dawa hii ikituponyoka, hatuna nyingine nyingi nyuma yake.

Mfano wa mwisho ni wa Uingereza, nao tutaupitia haraka. Mwaka 1785 daktari William Withering alichapisha kitabu juu ya mmea uitwao digitalis, baada ya kusikia habari za mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akiwatibu watu waliovimba maji kwa mchanganyiko wa majani zaidi ya 20. Withering alitambua ni jani lipi hasa lenye kazi, kisha akatumia miaka akitafuta kiasi kinachotibu bila kuua. Dawa hiyo ya moyo, digoksini, mpaka leo hutolewa kwenye majani ya jamii ya mmea huo. Kidonge chake cha kawaida kina robo ya miligramu. Ukizidisha kidogo tu, moyo unavurugika. Mama yule alikuwa na elimu ya kweli, na tunamheshimu, lakini kilichokosekana kwake ni mizani.

Mwaka jana tulimzika mzazi wa mmoja wa wanafunzi wetu. Familia imeturuhusu kulitaja jambo hili bila jina. Marehemu alikuwa na presha ya miaka mingi, na alikuwa na vidonge vya kumeza kila siku. Akanunua chupa nje ya msikiti, imeandikwa Dawa ya Sunna, na aliyemuuzia akamwambia vidonge na chupa haviendi pamoja, achague. Akachagua chupa. Baada ya wiki chache akapata kiharusi. Ajali yake ilikuwa imefika, na hatusemi kwamba chupa ndiyo iliyomuua. Tunachosema ni kwamba vidonge vilikutwa kabatini, karatasi nzima haijaguswa, na chupa haikuwa na jina la mmea hata mmoja.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba mwenye kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mwenye kudhamini madhara yatakayotokea. Wanazuoni wa fiqhi wakajenga juu yake mlango mzima wa dhamana ya tabibu. Na Waislamu waliotangulia hawakuliacha jambo hili kwenye mawaidha peke yake. Vitabu vya hisba, kama kile cha al-Shayzari cha karne ya 12, vina milango juu ya wauza dawa, wauza sharubati za dawa na wauza manukato, ili mkaguzi wa soko ajue wanavyochanganya na wanavyodanganya. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Dimashqi mwaka 1248, alizunguka Andalusia, Afrika ya Kaskazini na Sham akikagua mimea kwa macho yake, akaorodhesha vitu vya tiba takriban 1,400. Huu ndio urithi wa tiba ya Kiislamu. Chupa isiyo na jina la mmea haimo ndani yake, hata ikibandikwa picha ya Al-Kaaba.

Kwa hivyo rai yetu, na tunajua haitawapendeza wote, ni kwamba kamati za misikiti zisimpe mtu nafasi ya kuuza dawa kwenye uwanja wa msikiti mpaka chupa yake iwe na maandishi: jina la mmea na sehemu iliyotumika, kiasi cha kunywa kwa mtu mzima, tarehe ya kutengenezwa, onyo kwa wajawazito na watoto, na jina la aliyetengeneza pamoja na usajili wake. Hatuzui sheria mpya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao, ipo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, na dawa hupimwa katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuna muuzaji mmoja mwaminifu aliyetuambia kwamba usajili ni gharama na mzunguko mrefu. Tunamwamini. Basi kamati zenye mfuko zimsaidie, badala ya kumwacha yeye na tapeli wakae kwenye meza moja. Maana matapeli wapo, na katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa dawa za mitishamba zilizotiwa kwa siri dawa za hospitali, kama vile steroidi, ili mgonjwa aone nafuu ya haraka.

Wako watakaosema tunaidharau tiba ya wazee wetu. Hapana. Kile kimmea chenye maua ya waridi na meupe kinachoota hadi kwenye nyufa za kuta zetu, asili yake Bukini, kimetoa vinkristini na vinblastini, dawa ambazo zimeokoa watoto wengi wenye kansa ya damu. Lakini zinahitajika mamia ya kilo za majani kupata gramu moja ya vinblastini, na hutolewa kwa sindano chini ya uangalizi mkali. Anayekitafuna kimmea hicho uani kwake anajipa sumu. Mwarobaini nao tunaupenda, na jina lake limeubebesha maradhi 40, ila mafuta ya mbegu zake yameripotiwa kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Hapa tuwaseme kidogo na wanafunzi wetu. Wapo wanaodhani kuwa kemia na baolojia ni masomo ya shule, na dini ni ya hapa madrasa. Atakayekuja kupima habbasoda, akatuambia gramu ngapi, kwa nani, kwa siku ngapi, atakuwa ametumikia hadithi ile kuliko sisi tunaoisoma kwa sauti nzuri tu. Tungependa atoke katika madarasa haya, awe wa kiume au wa kike.

Swali moja lililobaki ni la kapsuli, kwa sababu wazazi wengi hutuuliza kuhusu jelatini. Ni kweli, ganda laini la kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya wanyama, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya kitu kilichobadilika dhati yake. Yapo pia maganda yanayotokana na selulosi ya mimea, kama ambavyo vidonge vingi hushikwa kwa wanga wa mahindi. Muulizeni mfamasia, naye mara nyingi ataweza kuwapa dawa hiyohiyo kwa umbo jingine. Ila msiache dozi katikati huku mnasubiri jibu. Ulizeni siku ileile mliyopewa dawa.

Na dawa mbili zikikutana mwilini, hazijali ipi ni ya Sunna na ipi ni ya hospitali. Maji ya balungi yanaweza kuzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha. Kitunguu saumu kingi, kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, huongeza hatari ya kuvuja damu. Daktari hawezi kuyajua haya kama mgonjwa ameficha, na wengi wetu huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Kwa sababu hiyo, katika fomu ya kujiunga ya mwaka ujao, chini ya nambari ya simu ya mzazi, tumeongeza mstari wa dawa anazotumia mtoto. Andikeni zote, za duka la dawa na za kwenye chungu, pamoja na kiasi anachokunywa. Fomu zinapatikana kwa mwalimu wa zamu kila Jumamosi na Jumapili baada ya Adhuhuri.

Wabillahi tawfiq.